Sura ya Nne: Kuripoti Kazini

Shaaban Robert alikuwa mwajiriwa wa serikali ya kikoloni kwa miaka 34. Jambo hili hutajwa juujuu katika kurasa za mwanzo za vitabu vyake, kati ya mwaka wa kuzaliwa na orodha ya tuzo, kisha wasomaji wakalisahau. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922, na mwaka 1926 akaingia Idara ya Forodha, akahudumu katika vituo mbalimbali vya pwani hadi 1944. Hapo akahamia idara nyingine kwa miaka miwili, akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 hadi 1960 akawa katika ofisi ya upimaji ardhi. Mwaka 1962 akafariki. Tangu aache kazi mpaka azikwe haikufika hata miaka mitatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi tunazomsifia, Maisha Yangu, Kusadikika, Adili na Nduguze, iliandikwa na mtu ambaye kesho yake asubuhi alitakiwa awe mezani, majalada yakimngoja.

Ninaanza na karani huyu kwa sababu ya mwalimu wa sekondari, nesi, dereva wa bodaboda na mama muuza duka wanaoniambia kwamba wana riwaya kichwani na wataiandika wakipata nafasi. Nafasi haiji. Mwalimu husubiri likizo. Likizo inaanza na safari ya kijijini, inaendelea na arobaini ya mjomba, inaishia na rundo la mitihani ya kusahihisha. Wengine husubiri kustaafu, na wengi zaidi huuliza kwanza habari za mchapishaji, ukiwabana kidogo unagundua mswada wenyewe haupo.

Mjini siku hizi mtu asipoandika husema hana mzuka. Zamani waliita ilhamu, neno lenye heshima zaidi, lakini udhuru ulikuwa uleule. Sikatai kwamba mzuka upo. Kila aliyewahi kuandika anaijua ile siku ambayo kalamu inakimbia, chai inapoa pembeni na mtu akiitwa hasikii. Ninachokataa ni kuupangia siku zako mzuka huo. Fundi cherehani hakai barazani kungoja mzuka wa kushona. Kanzu ya Idi ina tarehe yake na mwenye kanzu anajua mlango wa fundi ulipo. Shida ya mwandishi ni kwamba hakuna anayeujua mlango wake. Usipoandika leo hakuna atakayekuja kugonga, wala mshahara haukatwi, na mwaka unaweza kupita hivihivi bila mtu yeyote kugundua isipokuwa wewe.

Mwingereza Anthony Trollope alilitatua tatizo hili kwa njia inayochekesha. Naye alikuwa mtumishi wa umma, katika Posta ya Uingereza, mpaka alipoacha kazi mwaka 1867. Alimlipa mtumishi wake mzee paundi 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe alfajiri na kumletea kahawa, na saa kumi na moja na nusu awe mezani. Aliandika kwa saa tatu, saa yake ya mfukoni mbele yake, na alijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Idadi ya kurasa za kila wiki aliiandika katika daftari la hesabu, na wiki aliyozembea ilibaki pale ikimkodolea macho. Aliacha riwaya 47. Tawasifu yake ilipotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, baadhi ya wasomaji walichukizwa: kumbe riwaya walizozipenda zilitengenezwa kwa saa na daftari, kama hesabu za stempu! Mimi naona paundi zile 5 ndizo fedha alizozitumia vizuri kuliko zote. Kwa kuwa mwandishi hana bosi, Trollope alinunua bosi.

Wewe huna mzee wa kukuletea kahawa, lakini unaweza kuitafuta saa. Isake pale ambapo watu hawakuhitaji, hata kama siyo saa unayoipenda. Toni Morrison alikuwa mhariri katika shirika la uchapishaji na mama aliyelea watoto wawili peke yake. Alizoea kuandika kabla hakujapambazuka kwa sababu ndio muda ambao watoto walikuwa hawajaanza kumwita mama. Kuna ninaowajua wanaoandika baada ya sala ya alfajiri, kabla ya foleni ya Mbagala kuanza, na mmoja anayeandika kwenye simu akiwa ndani ya daladala, amesimama, mkono mmoja juu. Dakika 40 zinatosha. Saa nzima ni anasa. Lakini ziwe zilezile kila siku, ili mwili uzoee kuripoti bila kushauriana na moyo.

Kwetu adui wa dakika hizo si uvivu peke yake. Ni vikao. Kikao cha harusi, kikao cha kipaimara, kikao cha kuvunja kamati ya harusi, na katikati misiba, ambayo sitamshauri mtu aikimbie. Mwandishi wa nyumbani anaishi na watu, na hao watu ndio mali yake. Akijifungia moja kwa moja atakosa cha kuandika. Nilichojifunza kwa kuwaangalia wanaomaliza vitabu ni kwamba hawagombani na mtu.

"Kaka, leo kikao saa kumi na moja, usitukose."

"Mwenyekiti, mchango wangu nimeshatuma kwa mhazini, na wa gari nitaongeza. Kikaoni mnisamehe, nina kazi."

Neno la mwisho ndilo la maana. Usiseme unaandika, maana utaambiwa utaandika kesho. Sema una kazi. Na mchango uwe umefika kweli. Mhazini akishaona jina lako kwenye orodha hatauliza ulikuwa wapi.

Tuje kwenye saa yenyewe. Nunua kaunta buku, kwaya tatu au nne, na kila siku andika tarehe juu ya ukurasa kabla ya jambo jingine lolote. Ukipenda kompyuta, tumia kompyuta, ila umeme ukikatika usiseme siku imeharibika. Kiwango kiwe kidogo hata kikutie aibu: maneno 150, nusu ukurasa wa mwandiko mpana. Kwa siku tano za wiki na wiki 50 za mwaka unapata maneno 37,500, ambayo ni riwaya fupi kamili, na bado umebakiwa na Jumamosi, Jumapili na wiki mbili za kuugua. Anayejiwekea maneno 2,000 kwa siku huandika Jumatatu na Jumanne, Jumatano akawa na deni, na kufika Ijumaa deni limekuwa kubwa hata anaogopa kulifungua daftari. Ernest Hemingway alikuwa na ushauri mwingine ninaoukubali: acha kuandika wakati bado unajua kitakachofuata. Ukimwacha mhusika mkono wake uko kwenye kitasa cha mlango, kesho una pa kuanzia. Ukimaliza sura nzima usiku, kesho unaamkia ukurasa mweupe.

Kuna jambo ambalo vitabu vya ushauri hulipita haraka, nalo ni kwamba saa uliyonayo huchagua hata utanzu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa Kenya Twendapi? alioutoa mwaka 1968. Mashairi aliyoyatunga gerezani, mengi kwenye karatasi za chooni, yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za namna hiyohiyo. Visa hivi husimuliwa kwa ajili ya ushujaa, na ushujaa upo, ingawa simpendi mtu anayevisimulia kana kwamba gereza ni mahali pazuri pa kuandikia. Mimi huvitazama kwa jicho la fundi. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mmoja mizani 16, vina vya kati na vya mwisho vikishikana mikono. Ubeti kama huo unaweza kuutunga kichwani ukitembea, ukaurudia mpaka ukakaa, ukauandika jioni kwenye kipande chochote. Riwaya haibebeki hivyo. Inadai karatasi, inadai kurudi nyuma kuangalia ulisema nini. Ngũgĩ aliweza, lakini kwa gharama, na ipo siku askari waliuchukua mswada wote katika upekuzi, akakaa hajui kama atauona tena mpaka waliporudisha.

Mwone pia Naguib Mahfouz wa Misri. Alikuwa mtumishi wa wizara mbalimbali mpaka alipostaafu mwaka 1971, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mwaka 1994 alichomwa kisu shingoni karibu na nyumbani kwake Cairo, na mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia ikaharibika. Mtu aliyewahi kuandika riwaya ya juzuu tatu nene akawa hawezi kushika kalamu ila kwa dakika chache. Hakuacha. Akageukia vipande vifupi mno, ndoto za aya moja au mbili, akavitoa hivyo mpaka uzeeni. Kwa hiyo nesi wa zamu za usiku anayelazimisha riwaya ya kurasa 400 katika dakika 20 za mapumziko, namshauri ajaribu hadithi fupi kwanza. Si kwamba riwaya ni kubwa kuliko uwezo wake. Saa aliyopewa ina umbo lake, na ni rahisi kulifuata kuliko kupigana nalo.

Wengi huichukia ajira kwa kuwa inawala muda. Ni kweli inawala. Lakini angalia inachorudisha. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa bwana afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Bwana afya ana ruhusa ambayo hata jirani hana: anaingia nyua za watu, anachungulia mitungi, anauliza nani analala wapi, anaandika. Sijui kazi nyingine iliyofaa zaidi kumzaa Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoka kitabu mwaka 1960. Na soma tena Kusadikika ukikumbuka kwamba mwandishi wake alikuwa karani. Nchi ile inaelea angani, lakini baraza lake, mashtaka yake, mjumbe anayetumwa na kurudi akatiwa gerezani kwa taarifa aliyoileta, vyote vimeandikwa na mtu anayejua jalada linavyotembea kutoka meza hadi meza na jinsi ukweli unavyopotelea njiani. Ofisi ilimlisha mara mbili. Wewe kama unauza duka, unasikia kila siku jinsi mtu anavyoomba kukopeshwa unga bila kutaja neno kukopa. Hilo liandike leoleo, kabla halijapoa, maana kesho utakumbuka maana yake na utakuwa umesahau maneno yenyewe.

Shaaban Robert alikuwa na zoezi jingine ambalo limesahaulika kabisa siku hizi: barua. Zile alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958 zimekusanywa zikawa kitabu. Mtu akiandika barua nzuri kwa miaka 27, hata kwa ndugu mmoja tu, mkono wake hauwezi kubaki vilevile. Barua zetu ni ujumbe wa simu, na wengi huandika "poa" wakamaliza.

Sasa suala la kukata. Saa ya kuandika na saa ya kukata zisikae chumba kimoja. Ukiandika huku unasahihisha, kila sentensi inahukumiwa kabla haijakua, na mwisho wa dakika 40 una mistari mitatu iliyonyooka isiyokwenda popote. Andika vibaya kwanza. Kisha, siku nyingine, shika kalamu nyekundu. Nitaonyesha kwa mfano niliouunda hapa, wa namna inayojaa katika miswada ya wanaoanza:

Asubuhi na mapema siku hiyo Mama Asha aliamka akiwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu mumewe alikuwa hajarudi nyumbani tangu jana usiku, na alianza kuwaza mambo mengi sana.

Sarufi haina kosa. Lakini msomaji haoni kitu, anapewa taarifa tu. Anza na yaliyo rahisi: "na mapema", "siku hiyo", "sana" mbili, "moyoni mwake", huzuni haikai gotini. Kisha jiulize ni nini ndani ya nyumba ile kinachoonyesha kwamba mume hakurudi, na Mama Asha atafanya nini nacho. Jaribio la pili:

Sahani ya wali ilikuwa bado imefunikwa mezani. Mama Asha aliigusa, baridi. Akatoka nayo uani, akawamwagia kuku.

Mume hatajwi, usiku hautajwi, na msomaji ameelewa. Zaidi ya hayo, kazi ya kukata imemfundisha mwandishi jambo ambalo hakulijua alipoanza. Katika rasimu mama huyu alikuwa na huzuni. Mwenye huzuni angeupasha wali ule moto. Anayewamwagia kuku ana hasira, tena hasira ya siku nyingi, na sasa hadithi inajua inakoelekea. Ndiyo maana siamini wanaosema kuhariri ni kazi ya mhariri. Ukimwachia mtu mwingine, ugunduzi nao unakwenda kwake.

Soma kwa sauti ukishamaliza. Kiswahili kililelewa masikioni, katika tenzi na ngano, kabla hakijalelewa machoni, na ulimi hujikwaa pale ambapo jicho linateleza tu. Pale unapojikwaa mara mbili, pana kasoro hata kama hujaijua jina.

Kuhusu kusoma vitabu vya wengine sina haja ya kukaa sana. Mwandishi asiyesoma anajulikana kwenye ukurasa wa kwanza.

Mswada ukiisha unatakiwa utoke nyumbani, na hapa ndipo wengi hukwama kuliko hata kwenye kuandika. Wachapishaji ni wachache, hujibu polepole, na wengine hawajibu. Kufikirika ya Shaaban Robert iliandikwa mwaka 1946 ikatoka kitabu mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Katika kipindi hicho cha kungoja alitoa kazi nyingine nyingi, na hilo ndilo la kuiga: bahasha ikishatoka, daftari jipya lifunguliwe wiki hiyohiyo, ili jibu likija, zuri au baya, likukute uko katikati ya jambo jingine. Mashindano nayo yana faida hata kwa asiyeshinda, iwe Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika au Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kwa sababu yana tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho ni bosi wa bure.

Lakini bosi mkali kuliko wote ni msomaji aliyelipa. Riwaya za mfululizo zilikuwa za magazetini, leo zimehamia WhatsApp: mwandishi anatuma sehemu ya kwanza bure, anakatisha mahali pabaya, na anayetaka ya pili anatuma hela kwa simu. Baadhi ya wasomi hukunja pua. Ni kweli kazi nyingi za namna hiyo zina haraka, majina ya wahusika hubadilika njiani na marehemu wa sehemu ya nne huonekana akinywa soda katika sehemu ya tisa. Hata hivyo aliyewahi kuandika mfululizo kwa mwaka mzima amejifunza mambo mawili ambayo warsha haitoi: kufunga sehemu msomaji akiwa na njaa, na kuripoti kazini jioni ile ile hata kichwa kikiuma, maana saa mbili ikipita watu wanaanza kuandika, "Mwandishi upo? Tunasubiri."

Mchapishaji akikubali, furahi siku moja, kisha uusome mkataba ukiwa umetulia. Angalia mrabaha ni asilimia ngapi, na ya bei ipi: ya dukani, au ile mchapishaji anayobaki nayo baada ya wauza vitabu kupewa punguzo lao? Kumi ya moja si kumi ya nyingine. Angalia hesabu utaletewa mara ngapi kwa mwaka, na haki zinarudi kwako lini kitabu kikiacha kuchapwa. Angalia kipengele cha tafsiri na cha filamu, wala usikicheke ukidhani ni mambo ya Ulaya. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka kitabu mwaka 1999. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa mwaka 2021. Kama kipengele hicho hakimo, uliza kwa nini. Kama kimo kwa lugha usiyoielewa, mtafute mwanasheria unayemfahamu, umnunulie chakula cha mchana, na umsomee mstari kwa mstari kabla sahani hazijaondolewa.